Uzi: Kuongea mbele za watu kazini, kwa ninyi ambao kazi yenu nzuri huwasilishwa na mtu mwingine

Wakuu, salaam kwenu.

Uzi huu nawaandikia mhasibu, injinia, afisa ugavi, mtu wa maabara, mtu wa takwimu, yeyote anayekesha kuandaa taarifa halafu siku ya kikao inasomwa na mwenzake "mwenye mdomo". Nimekaa kwenye vikao vya menejimenti muda mrefu na jambo hili linaniuma kweli. Nafasi zikitoka, jina linalotajwa ni la yule aliyesimama. Mkurugenzi hajui nani alikesha na Excel, anamjua aliyemjibu swali.

Sizungumzii kuhutubia viwanja vya Jangwani. Nazungumzia dakika tano za kikao cha Jumatatu, dakika kumi mbele ya bodi, usaili wa mahojiano, mada kwenye kongamano la taaluma yako. Hapo ndipo watu wanapopanda au kukwama miaka kumi kwenye dawati lilelile.

Nianze kwa kuondoa uongo mmoja ambao umewapotosha wengi. Semina nyingi za hotelini utaambiwa asilimia 93 ya mawasiliano ni mwili na sauti, maneno ni asilimia 7 tu. Namba hizo zilitokana na majaribio ya Albert Mehrabian, mwanasaikolojia wa Chuo Kikuu cha California, Los Angeles, yaliyochapishwa mwaka 1967. Alikuwa anapima kitu kidogo sana: mtu akitamka neno mojamoja, na sauti yake au sura yake ikapingana na neno hilo, msikilizaji anaamini kipi anapotaka kujua kama anapendwa au hapendwi. Basi. Mwenyewe ameshaeleza kwamba hesabu ile haihusu mazungumzo ya kawaida. Ingekuwa inahusu, ungeweza kuzima sauti ya runinga siku ya hotuba ya bajeti na bado ukajua soda imepanda au la.

Madhara yake ni kwamba watu wanalipa fedha kufundishwa namna ya kurusha mikono na kuvaa suti, wakati shida yao ni kwamba hawajui wanataka kikao kiamue nini. Kwenye kikao cha kazi maneno yana uzito kuliko mikono, tena sana.

Naendelea.

HOFU YENYEWE. Wengi wetu Tanzania hofu hii tuliipata sekondari. Shule ya msingi ulikuwa unanyoosha kidole mpaka unasimama juu ya benchi. Kidato cha kwanza lugha ikageuka ghafla, ukaitwa mbele ya paredi utoe hotuba ya asubuhi kwa Kiingereza, ukakosea kitenzi kimoja, mstari mzima ukaangua kicheko. Mtoto wa miaka 14 anaondoka pale amejifunza kwamba anayekaa kimya hachekwi. Chuoni kundi la watu sita linamtuma yuleyule mmoja mwenye Kiingereza chepesi akawasilishe kila mara, na watano wanapata alama bila kufungua kinywa. Halafu wote sita wanaajiriwa.

Ndiyo maana nasema wengi hamwogopi jukwaa. Mtu huyohuyo anayetetemeka kikaoni, mkute kwenye kikao cha harusi akiwa mweka hazina. Anasimama, anataja ahadi za watu kwa majina, anambana shemeji aliyeahidi laki tano akaleta hamsini, anatania, anashawishi, na mwisho wa kikao fedha imepatikana. Mkute msibani anasoma wasifu wa marehemu mbele ya kijiji kizima bila kuyumba. Uwezo anao. Kinachomtesa ofisini ni lugha, na kuwaza kwamba kuna watu mle wamekaa kumhesabia makosa.

Kwa hiyo swali la kwanza kabla ya kuandaa chochote: kikao hiki kitaendeshwa kwa lugha gani? Muulize katibu wa kikao, au mwenyekiti mwenyewe. Usijitwishe Kiingereza ambacho hakuna aliyekuomba. Bunge letu linajadili bajeti ya nchi nzima kwa Kiswahili, pamoja na kodi, mikopo na mfumuko wa bei. Mwaka 2021 sheria ilibadilishwa, Kiswahili kikawa lugha ya mahakama. Kama hukumu inaandikwa kwa Kiswahili, taarifa yako ya manunuzi ya robo mwaka inasemeka pia.

Pale ambapo Kiingereza hakikwepeki, kwa mfano mbele ya wafadhili, tumia sentensi fupi kuliko unavyodhani zinafaa. Sentensi tatu za kwanza na mbili za mwisho zijue kwa moyo, zitamke mpaka ulimi uzizoee. Katikati shika hoja, usishike maneno. Anayekariri hotuba nzima akisahau neno moja anapotea yote, na hapo ndipo unaona mtu anatazama dari.

Kuhusu mwili kutetemeka. Moyo kwenda mbio, viganja kutoa jasho, mdomo kukauka, hiyo ni adrenalini, homoni ambayo mwili huitoa ukiogopa au ukisisimka, na huwezi kuiamuru iondoke. Mwaka 2014 Alison Wood Brooks wa Harvard Business School alichapisha utafiti ambao naupenda kwa sababu unatumika hata kesho asubuhi. Watu waliokuwa wanaenda kutoa hotuba fupi aliwagawa: wengine wajiambie kwa sauti kwamba wametulia, wengine wajiambie kwamba wana hamasa. Wale wa hamasa walionekana na wasikilizaji kuwa wanashawishi zaidi na wanajiamini zaidi. Ukitafakari utaona sababu: moyo unaokwenda mbio huwezi kuuambia umetulia, utakataa. Lakini hamasa nayo inakwenda mbio, kwa hiyo mwili na maneno vinakubaliana.

Kuna utafiti mwingine, wa Kenneth Savitsky na Thomas Gilovich, mwaka 2003. Msemaji huamini kila mtu ukumbini anaiona hofu yake, kumbe wasikilizaji wanaiona kidogo sana kuliko anavyodhani. Wasemaji walioelezwa jambo hilo kabla ya kusimama waliongea vizuri zaidi, kwa maoni yao na ya waliowasikiliza. Yaani kujua tu kwamba hofu haionekani sana kunaipunguza. Nimewaambia vijana wengi ofisini habari hii, na naona usoni kabisa namna inavyowashusha pumzi.

Sasa tuje kwenye nyama yenyewe.

SENTENSI YA KWANZA. Vikao vyetu vinaumwa ugonjwa wa historia. Chukua mfano wa afisa maji anayesimama mbele ya kamati. Anaanza hivi:

"Mheshimiwa Mwenyekiti, naomba kuwasilisha taarifa ya utekelezaji wa shughuli za sekta ya maji kwa kipindi cha robo ya pili, kuanzia mwezi Oktoba hadi Desemba. Mheshimiwa Mwenyekiti, katika kipindi hicho idara ilipanga kutekeleza shughuli zifuatazo…"

Akifika shughuli ya tatu, wajumbe wawili wako WhatsApp na mmoja ametoka kupokea simu. Ukurasa wa tisa ndipo liko jambo lenyewe: pampu zimekufa na kiangazi kinakuja. Hakuna aliyebaki kulisikia.

Mtu huyohuyo, taarifa ileile, aanze hivi:

"Mheshimiwa Mwenyekiti, vituo sita kati ya kumi na vinne havitoi maji leo. Pampu mbili zikinunuliwa kabla ya Juni, vinne vinarudi. Naomba kamati iridhie ununuzi huo, na sasa nieleze kwa nini."

Hapo hakuna fasaha yoyote ya ajabu, Kiswahili ni cha kawaida tu. Lakini kila mjumbe tayari anajua shida, dawa, na yeye anatakiwa afanye nini. Maelezo yatakayofuata anayasikiliza akiwa na sababu ya kuyasikiliza. Na mwenyekiti akikukata dakika ya tatu kwa sababu muda umekwisha, umeshalisema.

Tazama pia namna namba ilivyokaa. "Vituo sita kati ya kumi na vinne" inaingia kichwani. "Asilimia 42.86" haiingii, hata kama ni hesabu ileile na imetoka kwenye mfumo. Ukiwa na wanakijiji usiseme lita kwa sekunde, sema ndoo ngapi kwa saa. Injinia anaona kama anaishusha taaluma yake akisema ndoo. Kinyume chake, anayeweza kuigeuza lita kuwa ndoo palepale amethibitisha kwamba hesabu anaijua.

Kama unataka kuona jambo hili likifanywa na bingwa, sikiliza rekodi ya Mwalimu Nyerere ya Novemba 2, 1978, alipolitangazia taifa kwamba tunaingia vitani baada ya majeshi ya Idi Amin kuvamia Kagera. Hotuba ilikuwa na maelezo mengi, lakini wananchi walitoka nayo maneno matatu: uwezo, sababu, nia. Tunavyo vyote vitatu. Mtu ambaye hakuwa na redio aliyapata kwa jirani, yakiwa mazima. Jiulize kabla ya kusimama: mjumbe akiulizwa na mwenzake kwenye ngazi "yule kasema nini?", atajibu nini? Kama wewe mwenyewe huna jibu, taarifa haijaiva.

Mdau kauliza: "Mkuu, na itifaki je? Huku kwetu ukianza bila kuwataja wakubwa unaonekana huna adabu."

Swali zuri, na sikushauri uruke itifaki. Ni heshima yetu, na inakupa sekunde chache za kuzoea sauti yako kwenye kipaza. Tatizo ni mtu kutaja majina kumi na mawili, akikosea cheo cha mmoja anarudi kuomba radhi, dakika mbili zimekwenda. Mtaje mgeni rasmi au mwenyekiti kwa cheo sahihi, ulichokihakikisha kwa katibu kabla, kisha "itifaki imezingatiwa", kisha salamu moja ya wote. Salamu za dini zote kila msemaji anapopanda, kwenye kikao cha saa mbili chenye wasemaji wanane, zinachosha. Kama aliyekutangulia amesalimu hivyo, wewe sema tu habari za asubuhi.

Mwingine kauliza nimsaidieje, ana slaidi arobaini na bosi kakataa kuzipunguza. Kaka, bosi anazitaka kwenye faili, hajasema uzisome. Zigawe kwa barua pepe zote arobaini kama kiambatisho, ukumbini onyesha sita. Na usisome slaidi, kwa sababu wajumbe wanasoma kimya kwa kasi kuliko wewe unavyosoma kwa sauti. Wanamaliza, wanakungoja, wanachoka. Slaidi ibebe kitu ambacho mdomo hauwezi kukibeba, kama ramani, picha ya pampu iliyopasuka, au mchoro wa gharama za miaka mitatu. Umeme ukikatika, uwe na karatasi moja mkononi yenye hoja zako kwa maandishi makubwa, na uendelee bila projekta. Mtu anayeendelea bila projekta watu humkumbuka.

MAZOEZI. Hapa ndipo wengi mnajidanganya. Kuipitia taarifa kimya kichwani mara nyingi hakukuandai kuongea, kunakuandaa kuisoma. Simama, fungua mdomo, sema kwa sauti ya kikaoni, simu ikirekodi. Ukijisikiliza utapata tabu siku ya kwanza, kila mtu anapata. Vumilia utafute vitu viwili tu: unaanza kumeza maneno wapi, na neno gani unalijaza kila ukikwama. Kuna watu ni "yaani", kuna "kwa hiyo", kuna "eeh". Dawa yake ni kunyamaza. Sekunde mbili za kimya kwako ni ndefu, kwa msikilizaji ni nafasi ya kupumua.

Mkiweza kupata kundi, ni bora zaidi. Klabu za Toastmasters, ambako watu hukutana kufanya mazoezi ya kuongea mbele za watu, zipo Dar es Salaam, Nairobi na Kampala. Utaratibu huo aliuanzisha Ralph Smedley huko Santa Ana, California, mwaka 1924, na umedumu kwa sababu umejengwa juu ya kitu ambacho ofisini hatupeani: tathmini ya wazi baada ya kuongea. Kuna mtu anapima muda, kuna taa ya kijani, ya njano na nyekundu, kuna anayehesabu "eeh" zako, kuna anayekusimamia na kukwambia mbele ya wote ulichofanya vizuri na cha kurekebisha. Hotuba ya kwanza ni dakika nne hadi sita kujieleza wewe ni nani. Halafu kuna kipindi unapewa swali papo hapo, unajibu dakika moja au mbili bila maandalizi. Kipindi hicho ndicho kinachofanana zaidi na swali la mjumbe wa bodi. Mgeni anaruhusiwa kwenda kutazama kwanza.

Kama upo Kibondo au Tandahimba na klabu hakuna, usiseme umekwama. Omba ukatibu wa kikoba chenu, utasoma hesabu za hisa mbele ya kina mama ambao shilingi ikipungua watakusimamisha hapohapo. Omba kusoma matangazo kanisani, au kutoa neno fupi baada ya darsa msikitini. Tafuta wenzako wawili ofisini, kila Ijumaa kila mmoja aeleze kwa dakika tatu kazi aliyofanya wiki hiyo, wengine wamwambie walichoelewa. Sio kama alikuwa mzuri, walichoelewa. Tofauti kati ya ulichosema na walichoelewa itakufundisha kuliko mkufunzi yeyote.

Dada mmoja kaandika: "Mimi kuongea naweza, ila sauti yangu ndogo na kikaoni wanaume wananikatiza. Nikirudia wazo langu baadaye limeshakuwa la mtu mwingine."

Dada, hili ni tatizo halisi na si la sauti yako peke yake. Mwenyekiti anayeruhusu hivyo anakosea, na wanaume tunaosoma uzi huu tujisikilize tunavyofanya. Kwa upande wako kuna vitu vinasaidia. Kaa pale mwenyekiti anapokuona usoni, usikae pembeni ukutani. Hoja yako ipeleke kwa katibu mapema iingie kwenye ajenda kwa jina lako, maana kilichoandikwa kwenye ajenda hakinyang'anyiki kirahisi. Ukikatizwa, usiongeze sauti wala usinyamaze, sema tu "namalizia, Mwenyekiti" na uendelee palepale ulipoishia. Na kubaliana na mwenzako mmoja kikaoni: akiona wazo lako limebebwa, aseme "hilo alilileta dada dakika kumi zilizopita, naomba alifafanue". Wewe umfanyie vivyo hivyo. Nimeona wanawake wawili wakifanya hivi na ndani ya robo mwaka kikao kikabadilika. Kuhusu sauti ndogo, vuta pumzi iingie tumboni badala ya kupandisha mabega, na ongea na mtu wa kiti cha mwisho. Sauti itakwenda yenyewe.

Kuhusu kigugumizi, kwa aliyeniandikia pembeni na kuruhusu nijibu hapa: kigugumizi si woga, usikubali mtu akuambie "jiamini tu". Joe Biden, aliyekuwa Rais wa Marekani, amesema wazi alikuwa nacho tangu utotoni na alikuwa akisoma mashairi kwa sauti mbele ya kioo. Mtaarifu mwenyekiti kabla, omba dakika mbili za ziada, na ukipenda waambie wajumbe mwanzoni kwa sentensi moja. Ukishakitaja, nguvu uliyokuwa unaitumia kukificha inarudi kwenye hoja. Kama mtaalamu wa tiba ya usemi anapatikana hospitali ya rufaa iliyo karibu nawe, nenda. Si aibu.

Usaili wa mahojiano wa Sekretarieti ya Ajira wameuliza wengi, nijibu kwa mkupuo. Umevuka mchujo wa kuandika, maana yake unajua. Jopo sasa linataka kusikia unavyofikiri. Ukiulizwa "jieleze", usianze na shule ya msingi. Sema wewe ni nani kitaaluma, kazi moja uliyoifanya ikaleta matokeo, na kwa nini kada hii. Dakika moja na nusu. Swali usilolijua, sema hulijui na ueleze ungelitafutia jibu wapi, usizunguke. Wanajopo wamesikia kuzunguka tangu asubuhi.

MASWALI. Watu huogopa sehemu hii kuliko hotuba. Andika maswali matano ambayo hupendi kabisa kuulizwa, uyajibu kwa sauti nyumbani. Hayo ndiyo yatakayokuja. Mjumbe akiuliza kwa ukali, rudia swali lake kwa maneno ya upole ("Mheshimiwa anataka kujua kwa nini gharama imepanda"), umeshajipatia muda na ukali umepungua. Jibu fupi kwanza, maelezo baadaye. Na namba ambayo huna hakika nayo usiitaje. Sema utaileta kabla ya saa kumi, kisha iletwe kabla ya saa kumi kweli.

Mdau wa mwisho kwa leo: "Mkuu nina kikao Alhamisi, mara ya kwanza mbele ya mkurugenzi mkuu. Leo Jumatatu. Nifanye nini?"

Leo andika sentensi moja: unataka aamue nini. Usiandike kingine mpaka hiyo imekaa sawa. Kesho jaza hoja tatu chini yake na punguza slaidi. Jumatano jioni sema yote kwa sauti mara kadhaa, mara ya mwisho mbele ya mtu asiyejua kazi yako, awe mke, mume au mdogo wako, kisha umwombe akuambie umeomba nini. Akikosea, rekebisha sentensi ya kwanza tu, usivunje taarifa nzima usiku. Alhamisi fika mapema, ingia ukumbini kukiwa kutupu, jaribu kipaza, simama pale utakaposimama, uone kiti chake kipo wapi. Maji ya uvuguvugu karibu. Kahawa ya pili acha.

Halafu rudi hapa utuambie alijibu nini. Kama alikataa, lete alivyokataa, tutatafuta pamoja namna ya kumrudia.